Kipimo Kilichosema Sifuri

Nilipofika kufundisha kemia katika shule ya wasichana ya bweni, wilayani Ikungi, mtu wa kwanza kunikaribisha hakuwa mkuu wa shule. Alikuwa mpishi. Nilishuka kwenye pikipiki na begi langu, vumbi mpaka kwenye kope, nikamkuta amekaa kwenye kizingiti cha jiko akichambua maharage.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Alinitazama miguuni. "Viatu hivyo ni vya mjini. Havitamaliza muhula."

Havikumaliza kweli. Kabla ya likizo soli ya kulia ilibanduka, naye akanipa malapa yake ya jikoni nivae mpaka nyumbani.

Mimi ni mtoto wa Singida mjini. Baba yangu ana duka la vifaa vya baiskeli karibu na soko, na ukoo wetu umechanganyika. Wengine walitoka pwani, wengine Tabora, wakakutana hapo. Kinyaturu nakisikia nusu nusu. Mpishi alikuwa mwenyeji wa Issuna, mjane wa rika la mama yangu, na alikuwa amepika katika shule ile tangu ilipokuwa na madarasa manne. Mbele ya watu aliniita "madam", kama wanafunzi. Tukiwa wawili aliniita mwanangu. Nilizoea kwenda jikoni kwake saa nne asubuhi kunywa uji uliobaki, na kwa zaidi ya miaka miwili hapo ndipo palikuwa nyumbani kwangu.

Watu pale shuleni waliniona mtaalamu kwa sababu ya shahada yangu ya pili. Nilikuwa nimeipata Dar es Salaam, kwa kazi ya maabara juu ya vichocheo, vitu vinavyoharakisha mabadiliko ya kikemia bila vyenyewe kwisha. Unachukua unga mweupe wa alumina, unaupaka nikeli kidogo sana, chembe ambazo jicho halizioni, halafu unapitisha gesi juu yake. Gesi haiingii ndani ya metali. Inakaa juu ya uso wake tu, kwenye nafasi zilizo wazi, na ikishakaa pale vifungo vyake vinalegea. Haidrojeni, ambayo kwa kawaida hutembea wawili wawili, inaachana na kubaki mmoja mmoja, tayari kuungana na kitu kingine. Kazi ikiisha inaondoka, nafasi inabaki wazi kwa inayofuata. Miezi mingi nilipima hivyo: gesi kiasi gani inakaa, kwa joto gani, na inashikilia kwa nguvu gani.

Kisha nilileta salfa, na hapo ndipo kazi ilipoanza kunipendeza. Kiasi kidogo mno cha haidrojeni salfaidi, ile gesi inayonuka kama yai viza, kilitosha kuua sampuli nzima. Salfa ikikaa juu ya metali haitaki kuondoka. Gesi nyingine zinafika, zinakuta nafasi zimeshikwa, zinapita zao. Na kwa macho huoni chochote. Sampuli iliyokufa ina rangi ile ile na uzito karibu ule ule wa iliyo hai. Niliandika hivyo katika tasnifu yangu, na aliyenisimamia alipiga mstari chini ya maneno hayo na kuandika pembeni: vizuri sana.

Mwaka wangu wa tatu shuleni, wafadhili walitujengea mtambo wa bayogesi. Ulikuwa mfuko mkubwa mweusi wa plastiki, mrefu kama trela, umelazwa kwenye mtaro nyuma ya zizi. Samadi ya ng'ombe wa shule haikutosha, kwa hiyo wafugaji wa Mungaa walituletea nyingine kwa mikokoteni. Gesi ilitoka kwenye mfuko, ikapita kwenye bomba lenye kichujio, ikaingia katika jiko jipya la matofali lenye madirisha ya vioo. Kichujio kilikuwa chombo cha plastiki kilichojazwa stilwaya iliyoshika kutu. Kutu ya chuma hukamata ile gesi ya yai viza. Ikishashiba haikamati tena, inabidi ubadilishe.

Mpishi alifurahia jiko lile kuliko mtu yeyote. Miaka yote alikuwa amepikia kuni, macho mekundu, kifua kikikwaruza kila kipupwe. Siku ya kwanza aliwasha, akasogea nyuma akatazama moto wa buluu chini ya sufuria ya uji, kisha akafuta macho ingawa hapakuwa na moshi.

Pamoja na mtambo tulipewa kipima gesi, kifaa cha manjano cha kushika mkononi. Kazi yake ilikuwa kupiga kelele endapo gesi imevuja. Mkuu wa shule alinikabidhi mimi. Nilisoma kijitabu chake jioni hiyo nikafurahi kama mtu aliyekutana na ndugu ugenini, kwa maana ndani ya kifaa mlikuwa na kichocheo: punje ndogo ya alumina, ndogo kama uwele, iliyopakwa metali ya paladi, na ndani ya punje waya mwembamba wa platini unaoipasha joto. Methani, ndiyo gesi yenyewe inayowaka katika bayogesi, ikifika inakaa juu ya paladi na kuungua palepale. Punje inazidi kupata moto, waya unahisi, namba inapanda. Niliwafundisha kidato cha tatu somo zima juu ya punje ile.

Kijitabu kilisema kifaa kihakikiwe kila baada ya muda kwa gesi maalumu ya mtungi, yenye methani. Mtungi huo hatukuwa nao. Nilitumia kiberiti cha gesi, hiki cha dukani. Nilikibonyeza bila kuwasha, nikapulizia mdomoni mwa kifaa, nacho kikapiga kelele. Nikaridhika. Kila mwisho wa mwezi nilifanya hivyo na kuandika kwenye daftari: kizima.

Nilitundika kifaa kwenye msumari ukutani, juu ya bomba, kikiwa kimewashwa kutwa. Niliona hiyo ndiyo namna ya kuwalinda watu.

Muhula wa pili ndipo harufu ilipoanza.

"Madam, jiko linanuka," mpishi aliniambia.

"Ni kichujio, mama. Kimeshiba. Nitakibadilisha."

Wiki iliyofuata akaniambia tena. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio. Wiki nyingine akaniambia, akacheka na kusema wasichana wanadhani anawapikia mayai viza. Nilicheka naye. Stilwaya haikuwa kitu cha shida. Ilikuwa dukani Ikungi, imejaa. Sikuwa na sababu yoyote isipokuwa uvivu na imani kwamba harufu haiui mtu ikiwa kifaa kipo ukutani. Nilikuja kubadilisha kichujio siku chache kabla ya kufunga shule. Harufu ikaisha kabisa, na mpishi akanishukuru mbele ya wenzake.

Muhula mzima gesi ya salfa ilikuwa imepita mbele ya kifaa kile. Mimi niliyekuwa nimeandika kitabu kizima juu ya salfa na metali sikuyaunganisha mambo hayo mawili. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Nadhani ya chuo niliyaweka chuoni, na jiko nililiona ni jiko.

Tulifungua shule Jumatatu baada ya likizo. Mabasi ya wanafunzi yalitegemewa saa nane mchana, na mkuu wa shule alitaka wakute chakula. Saa nne mimi na mpishi tulikwenda kufungua jiko. Lilikuwa limefungwa wiki mbili, madirisha yote.

Alisimama mlangoni, hakuingia. Alikuwa akitazama kule nyuma ya zizi.

"Mwanangu, ule mfuko mbona umelegea?"

Nilitazama. Kweli, mfuko ulikuwa umebonyea katikati.

"Wiki mbili hatujatumia gesi," alisema. "Ungekuwa umevimba mpaka unataka kupasuka. Gesi imekwenda wapi?"

"Likizo hawakuulisha samadi, mama. Ndiyo maana."

"Wameulisha. Mlinzi ameniambia."

Ukutani kulikuwa na kanuni nilizoziandika mwenyewe kwa kalamu nene. Ya kwanza ilisema: baada ya jiko kufungwa kwa siku kadhaa, fungua madirisha yote na usubiri nusu saa. Niliangalia saa. Nikaona maharage ambayo hayajachemka na mabasi yaliyo njiani.

"Ngoja nipime," nilisema.

Niliingia, nikatungua kifaa. Methani ni nyepesi, hupanda juu, kwa hiyo nilipanda kwenye kigoda na kukiinua mpaka karibu na dari. Nikasubiri. Sifuri. Nikakipeleka kwenye maungio ya bomba. Sifuri. Nilivuta hewa kwa pua. Hapakuwa na harufu yoyote. Methani yenyewe hainuki, na kile kinachonuka kilikuwa kimebaki kwenye kutu mpya niliyoiweka mimi.

"Sifuri, mama," nilisema nikitoka. "Hakuna kitu."

Bado alisitasita. Kiberiti kilikuwa mkononi mwake. "Tusingoje kidogo?"

"Kifaa hakidanganyi. Washa tu."

Aliingia. Nilikuwa hatua tatu nje ya mlango, nageuka kumwita msaidizi wake wa jikoni alete maji. Sikusikia mlipuko kama watu wanavyosimulia milipuko. Nilisikia kama blanketi zito limekung'utwa, vioo vikatoka vyote kwa pamoja, na joto likanipiga mgongoni. Nilipogeuka alikuwa anatoka mwenyewe, anatembea, amenyoosha mikono mbele kama anayebeba sinia. Kitambaa cha kichwani kilikuwa kinafuka. Hakupiga kelele. Alisema kitu kwa Kinyaturu ambacho sikukielewa, kisha akakaa chini pale pale kwenye vumbi.

Tulimmwagia maji. Gari la shule lilimpeleka hospitali mjini, nami nilikaa nyuma nimepakata kichwa chake. Njiani aliniuliza kama wasichana wameshafika.

Uso wake ulipona karibu wote. Mikono ndiyo iliyoungua sana.

Siku mbili baadaye nilijifungia maabara na kile kifaa. Nilikuwa nimejaza gesi ya mtambo kwenye tyubu ya baiskeli. Nilikishika kifaa mbele ya mdomo wa tyubu na kuifungulia. Gesi ilitoka ikipuliza ushungi wangu. Sifuri. Nikafungulia zaidi. Sifuri. Kisha nikachukua kiberiti cha gesi na kubonyeza, na kifaa kikalia kwa sauti yake yote.

Nilikaa kwenye kiti cha wanafunzi. Nilielewa kila kitu mara moja. Methani ndiyo ngumu kuliko zote kuungua juu ya paladi. Inahitaji uso ulio safi, nafasi nyingi zilizo wazi. Gesi ya kiberiti cha dukani si ngumu hivyo. Hata zikibaki nafasi chache tu, inaungua. Salfa ilikuwa imeshika karibu uso wote wa ile punje. Mbele ya gesi ile moja tu tuliyokinunulia kifaa kilikuwa kimekufa, na mbele ya ile niliyokipimia kilikuwa hai. Nilifungua kijitabu. Ukurasa wa tisa ulikuwa na onyo juu ya salfa, na pembeni palikuwa na alama ya kalamu yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeusoma.

Nilikirudisha kifaa kwenye boksi, boksi nikaliweka kabatini, nikafunga.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kikao. Mkuu wa shule, makamu, mwakilishi wa bodi, na mimi. Mpishi alikuwa bado wodini. Makamu alikuwa ameshaona kwamba koki ya gesi ya meko ya tatu haikufungwa sawasawa siku ya kufunga shule, na gesi ilikuwa imevuja pole pole likizo nzima. Aliyefunga koki zile hatukumjua. Tulikuwa jikoni watu wanne siku ile, nami nikiwa mmojawapo.

Mkuu wa shule aliniuliza, "Madam, kanuni zinasema madirisha yafunguliwe nusu saa. Alifungua?"

Nilisema, "Sikumwona akifungua."

Kila neno katika sentensi ile lilikuwa la kweli. Mwakilishi wa bodi aliandika. Nilisubiri mtu aniulize kama mimi nilimwambia awashe. Hakuna aliyeuliza. Mkuu wa shule alitikisa kichwa kwa huzuni, akasema, "Mazoea, jamani. Mazoea yana taabu." Nikanyamaza.

Mkataba wake ulikuwa wa mwaka kwa mwaka. Haukuongezwa. Mtambo ulifungwa, jiko la zamani la kuni likafunguliwa tena, na mpishi mpya akaanza kukohoa kama yule wa kwanza alivyokuwa akikohoa. Nilimtembelea mama hospitalini mara mbili, mikono yake ikiwa imefungwa bandeji. Mara zote mbili nilizungumza habari za wanafunzi. Alipotoka alikwenda kwao Issuna, na sikuenda.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma kusema. Haikunisukuma. Nilifundisha mwaka mzima uliofuata, nikala, nikalala. Kilichonifungua mdomo ni maneno ya kawaida kabisa ya mkuu wa shule, siku moja ofisini kwake.

"Madam, kile kipima gesi bado unacho? Kuna shule moja huko Manyoni wamejengewa mtambo kama wetu. Kifaa kizima kinakaa kabatini bure. Wapelekee wenzetu."

Nilisema, "Si kizima."

"Kiliharibika lini?"

Hapo sikuwa na pa kutokea. Nikisema kiliharibika baadaye, ningekuwa nimeongeza uongo wa pili. Nikinyamaza, mtu mwingine angesimama mlangoni mwa jiko lingine na kiberiti mkononi. Nilimweleza yote: harufu ya muhula mzima, kichujio, punje, kiberiti cha dukani, mfuko uliolegea ambao mama aliuona, na neno "washa". Alinisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua siku ile ya kikao?"

"Nilijua."

Alivua miwani akaiweka mezani. Alisema ataandika barua ya kufuta yale tuliyoandika, na kwamba mpishi arudishiwe kazi akitaka. Kisha akasema, "Barua nitaandika mimi. Kumwambia utakwenda wewe."

Nilikwenda Issuna Jumamosi ya soko. Nilimkuta amekaa nyuma ya mafungu ya vitunguu, amevaa soksi nyepesi mikononi, zilizokatwa vidoleni. Alinipokea vizuri, akanisogezea ndoo iliyogeuzwa nikae. Aliuliza habari za wazazi wangu. Nilijibu, kisha nikaanza, na nilipoanza sikuweza kusimama mpaka mwisho. Watu walikuja kununua katikati ya maneno yangu. Aliwahudumia, akanigeukia tena.

"Sijaelewa hapo," alisema. "Kifaa kilikuwa kinalia ulipokijaribu."

Nilimweleza kwa namna niliyoweza. Nilimwambia kwamba ndani yake kuna metali kidogo ambayo gesi lazima ikae juu yake ndipo kifaa kijue ipo, na kwamba ile gesi ya harufu mbaya ilikuja kwanza ikakaa, na haikuondoka, kwa hiyo gesi ya kupikia ilipofika haikupata pa kukaa.

Aliwaza, huku akipanga upya fungu ambalo lilikuwa limepangika tayari.

"Kwa hiyo kilikufa kwa ile harufu niliyokuwa nikikuambia."

"Ndiyo, mama."

"Kila wiki nilikuambia."

"Ndiyo."

Mteja mmoja aliinama kuchagua vitunguu, akaondoka bila kununua. Mama alikunja soksi ya mkono wa kushoto, akaukuna ule mkono polepole. Ngozi ilikuwa inang'aa, imevutika kati ya kidole na kidole.

"Mimi nilidhani ni mimi," alisema. "Mwaka mzima nimekuwa nikiwaza, ile koki niliifunga au sikuifunga? Nikiwa shambani nawaza. Naamka nawaza. Watu hapa wakiniuliza nawaambia nilisahau. Nimewaambia wote kwamba nilisahau." Alinitazama usoni. "Wewe ulikuwa unajua, ukaniacha niwaze."

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Nilimpa ujumbe wa mkuu wa shule kuhusu kazi, naye akanionyesha viganja vyake bila hasira, kama mtu anayejibu swali rahisi. Haviwezi tena joto. Hata kikombe cha chai hushika kwa kitambaa. Nilipoinuka nilitaka kununua vitunguu vyote vilivyokuwa pale, lakini alikataa. Akanifungia fungu moja, kama mteja yeyote, akanitakia safari njema.

Barua iliandikwa, nakala akapelekewa. Nimesikia kutoka kwa mlinzi, ambaye naye ni wa huko, kwamba aliipeleka kanisani ikasomwa baada ya ibada, ili watu wajue hakusahau koki. Jina langu lilikuwa ndani ya barua hiyo, na lilisomwa pia.

Mwaka jana mtambo ulifufuliwa. Walileta kifaa kingine, chenye mtungi wake wa gesi ya kuhakikia, na kisichotumia kichocheo. Kinaitambua methani kwa mwanga. Niliomba kazi ya kukitunza apewe mwalimu wa fizikia, naye anaifanya vizuri. Mimi nafundisha bado. Nikifika kwenye mada ya vichocheo huwaeleza wasichana jinsi gesi inavyokaa juu ya metali, na jinsi salfa inavyozuia. Wanaandika. Hakuna hata mmoja aliyekuwepo mwaka ule, na wakati mwingine mmoja hunyoosha mkono na kuuliza, "Madam, sasa mtu atajuaje kwamba kimekufa?" Nami humjibu kwamba hakionekani kwa macho, lazima ukipime kwa gesi ile ile unayoiogopa, na usikilize wanaofanya kazi karibu nacho.